Utepe wa Buluu Ndani ya Boneti

Mume wangu Żaren ana maradhi mawili: goti la kulia na Mtakatifu Rokku. Goti humsumbua akipanda ngazi. Mtakatifu Rokku humsumbua mwaka mzima, na akishasumbuka yeye, nyumba nzima hatupumziki.

Kijiji chetu ni kidogo, ukipiga chafya mlangoni kwako unaombewa heri na mtu wa mwisho wa barabara, lakini tuna klabu mbili za bendi, kila moja na mtakatifu wake. Klabu ya Rokku ni ya buluu. Klabu ya Leonardu ni nyekundu. Mtu huzaliwa upande mmoja, akazeeka huko, akazikwa huko, na hata mkate huununua kwa mwokaji wa upande wake, uwe umeungua usiungue. Mimi ni Mrokku wa kuzaliwa na sijutii. Ila wanaume wetu wakianza mashindano yao, nadhani watakatifu wenyewe huko waliko huziba masikio.

Sasa kuhusu gari. Ni gari la michezo la zamani, la wazi, viti viwili, pua ndefu na nyuma fupi. Lilipofika kwetu lilikuwa mabati yenye kutu juu ya trela, na lilikuwa jekundu. "Gari jekundu halilali kwangu," alisema Żaren, akaanza kulikwangua rangi siku hiyohiyo, kabla hata ya kuangalia kama lina injini. Miaka ikapita. Binti yetu Ritianne alianza shule, akamaliza shule, na baba yake bado yuko gereji chini ya nyumba, miguu tu inaonekana. Siku gari lilipotoka nje likiwa buluu linang'aa, mume wangu alilia. Siku ya arusi yetu hakulia. Nilimwambia hivyo, akasema siku ya arusi alikuwa na mafua.

Mwaka huo tukaletewa Paroko mpya, Padri Saverju. Kwetu Paroko mpya haingii kijijini kwa miguu. Anapandishwa gari la wazi, anakaa juu ya hudi, lile paa la turubai, iliyokunjwa nyuma ili watu wote wamwone, bendi zinapiga, kutoka kwenye kanisa dogo la juu hadi kanisa kubwa la bondeni, na watu wanamwaga vipande vya karatasi kutoka roshani. Sasa swali: gari la nani, na bendi ipi itangulie? Walizozana mpaka mhudumu wa baa ya klabu akapoteza sauti. Mwishowe wakakubaliana. Gari litakuwa letu. Bendi itakayotangulia gari kwenye mteremko itakuwa ya Leonardu, na yetu itafuata nyuma.

Żaren alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyechaguliwa Papa.

Tatizo lilikuwa Wistin. Wistin ni mchumba wa Ritianne, fundi wa magari, kijana mpole, mrefu, mwenye mikono isiyotoka mafuta hata akiisugua kwa limau. Ubaya wake ni mmoja tu: ni Mleonardu, na si Mleonardu wa pembeni. Ndiye anayepiga tuba katika bendi yao, lile tarumbeta kubwa la shaba ambalo babu yake alilipiga kabla yake. Żaren alikubali posa kwa shingo upande, baada ya mimi kukataa kupika kwa muda fulani. Arusi ilikuwa Septemba. Lakini jioni ile ya makubaliano, mbele ya klabu nzima, na glasi mkononi, mume wangu alikula kiapo.

"Mkono wa Mleonardu ukigusa gari hili kabla Paroko hajashuka mlangoni mwa kanisa," alisema, "arusi hakuna. Nasema mbele yenu nyote. Hakuna!"

Walimpigia makofi. Bertu, mwenyekiti wa klabu yetu, mtu mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kutangulia zaidi, alimkumbatia. Ritianne aliposikia alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua baba yake. Akisema jambo mbele ya Bertu, hata likimgeuka atalimeza na miba yake.

Wiki ya mwisho Żaren hakulala vizuri wala hakula vizuri. Baada ya ibada, gari lingeegeshwa uwanjani na boneti ingefunguliwa ili Waleonardu waone na waumie roho. Kwa hiyo ndani ya boneti palitakiwa pang'ae. Alisugua kila bomba. Alisugua mipira yote ya injini, ile mirija ya kupitisha maji na hewa, kwa mafuta ya zeituni, mafuta yangu ya kupikia, mpaka ikameremeta. Halafu akaona klipu za chuma zinazobana mipira hiyo zina kutu, hazipendezi. Akazitoa. Mahali pake akafunga utepe wa hariri ya buluu, kila mpira na utepe wake, na fundo zuri kama la zawadi.

Nilikuwa nimempelekea mkate wa nyanya. Nikatazama.

"Na hivyo vitambaa vitashika?" nikamuuliza.

"Mpira wenyewe umebana, Ġuditt. Klipu ni woga wa mafundi tu."

"Mafundi si ndio wanaojua?"

"Wewe kanisani unakwenda kuomba au kumfundisha padri?" akaniambia, na akala mkate bila kunishukuru.

Jumamosi mchana, wakati yeye amejilaza baada ya chakula, Wistin alikuja kumletea Ritianne viatu vya arusi alivyokwenda kumbadilishia mjini. Ritianne akamwomba amsaidie kutoa viti vilivyowekwa gereji, kwa ajili ya wageni. Mimi nilikuwa jikoni juu. Nilichosikia kwanza ni mlango wa chumbani kufunguka, halafu hatua za goti bovu zikishuka ngazi, halafu kelele ambayo sijawahi kuisikia tangu baba mkwe wangu alipomfumania mwizi wa kuku.

Nilishuka mbio. Wistin alikuwa ameinama ndani ya boneti, na bisibisi mkononi.

Nakwambia nilipigwa na butwaa. Kati ya vitu vyote duniani! Boneti hiyo, na kijana huyo, na kiapo kile!

"Toka!" Żaren alikuwa mwekundu, rangi ile ile anayoichukia. "Toka kwangu, nyoka wewe! Nilijua! Nilijua wamekutuma!"

"Mzee Żaren, nisikilize kidogo. Nilikuwa nakaza tu..."

"Unakaza! Unakaza kwangu? Nimekuomba? Nani kakuomba?"

"Baba, mimi ndiye niliyemwingiza," alisema Ritianne. "Tumefuata viti."

"Viti viko ndani ya boneti?"

Wistin alifungua mdomo, akanitazama mimi, akatazama chini, akaufunga. Baadaye nilielewa kwa nini. Kulikuwa na majirani wamekwishajaa mlangoni, Warokku watupu, na kusema alichokiona mle ndani kungekuwa kumvua nguo mkwe wake hadharani. Aliweka bisibisi mfukoni, akasema, "Samahani, mzee," akaondoka. Mlangoni alimnong'oneza Ritianne neno. Nilimuuliza binti yangu kasemaje.

"Anasema kilicho muhimu ameshakikaza. Mengine watazungumza baada ya sherehe."

Sikuelewa, wala yeye hakuelewa. Tulidhani ni mambo ya moyo.

Żaren aliwasha injini. Gari likatetemeka, na mahali fulani mle ndani pakawa panalia, ssss, mlio mwembamba. Akainama, akatafuta kwa vidole, akainua mpira mmoja mdogo uliochomoka, utepe wake unaning'inia.

"Mmeona?" akawaambia majirani. "Mmeona kwa macho yenu? Umechomolewa!"

Wakaona. Na walichokiona kilifika kwa Bertu kabla mume wangu hajaurudisha mpira mahali pake. Aliurudisha kwa kuusukuma na kidole gumba, akafunga utepe upya, mlio ukaisha, injini ikatulia. Kisha akaona kitu kingine. Kwenye mpira mnene, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye mtungi mweusi ulio nyuma karibu na usukani, utepe ulikuwa umefunguliwa na kukunjwa vizuri pembeni, na badala yake palikuwa na klipu mpya ya chuma.

"Takataka za Leonardu," akasema. Akaifungua kwa bisibisi yake, akaitupa sakafuni, akafunga tena utepe wake wa hariri. Alikanyaga pedali ya breki, ikashuka laini. "Gari langu liko sawa. Limekuwa sawa siku zote."

Mimi ndiye ninayefagia gereji ile. Niliiokota klipu. Mpira wa jiko langu la gesi ulikuwa umelegea tangu Pasaka, na nikaona klipu hii inafanana na ile ninayoitaka. Nikaitia kwenye pochi yangu ya kanisani ili Jumatatu nimwonyeshe muuza vyuma. Hilo tu. Sikuwa na wazo lingine lolote, na ningekuwa nalo nisingelala.

Jioni ile Żaren alimwambia Ritianne avue pete. Binti yangu akaivua, akaiweka mezani kati ya sahani. Żaren akaitia kwenye mfuko wa kizibao chake kipya cha sherehe.

"Kesho baada ya ibada namrudishia mwenyewe, mbele ya watu," akasema.

"Żaren, una moyo au una ngoma?" nikamuuliza.

"Nimeapa, Ġuditt. Umenisikia nikiapa."

Jumapili kulikuwa na jua kali na upepo kidogo. Roshani zote zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyekundu na vya buluu, fataki zinapasuka tangu asubuhi, mbwa wamejificha. Padri Saverju, mtu mwembamba mwenye miwani, alipandishwa juu ya gari, miguu yake kwenye kiti cha abiria, akawa anabariki kushoto na kulia huku amejishikilia kwa mkono mmoja. Żaren usukanini, kifua mbele. Mbele yake ilitangulia bendi ya Leonardu, na kama kawaida vyombo vikubwa vilikuwa safu ya mwisho, karibu kabisa na bampa: ngoma kubwa, na pembeni yake tuba. Yaani Wistin. Niliona mgongo wake mrefu na sare yake nyekundu, na mume wangu nyuma yake na ile pete kifuani. Mimi na Ritianne tulikuwa nyuma ya gari pamoja na wanawake wa parokia, na nyuma yetu bendi yetu.

Kutoka kanisa dogo mpaka kwenye kona mambo yalikwenda vizuri. Pale barabara inageuka na kuanza kuteremka. Ni mteremko wa kukausha mate, na chini yake kulikuwa na watu wamejaa ukuta kwa ukuta, wazee wamekalishwa viti mbele, watoto mabegani.

Gari lilipoanza kushuka, muziki ulikuwa umenyamaza kidogo, wanageuza karatasi za wimbo. Ndipo nikausikia. Ssss. Lakini safari hii haukuwa mwembamba. Ulikuwa mkubwa, kama mtu anayevuta pumzi asiimalize. Injini ikaanza kukohoa.

Nikatazama taa za nyuma. Zilikuwa zinawaka. Zile taa nyekundu za breki, zote mbili, zinawaka barabara, maana yake mume wangu amekanyaga. Na gari linakwenda.

Sijui niieleze vipi hali ile. Macho yananiambia gari limeshikwa breki, na macho hayo hayo yananiambia gari linaondoka kwangu, polepole kwanza, halafu si polepole. Nilimwona Żaren amejikunja, amesimama karibu wima juu ya pedali kwa lile goti lake bovu, mkono mmoja unavuta hendibreki. Gari lilipunguza kidogo, likaendelea. Padri Saverju alikuwa bado anabariki. Kisha akaacha kubariki.

"Yesu wangu, watu!" alipiga kelele Ritianne. "Bendi! Ondokeni!"

Nani amsikie? Walikuwa wameanza kupiga tena.

Wistin aliusikia ule mlio. Baadaye alisema sauti ile fundi huisikia hata usingizini. Aligeuka, akaona bampa iko karibu na magoti ya mpiga ngoma. Hakupiga kelele. Alimsukuma mpiga ngoma kwa bega mpaka akaangukia ukutani na ngoma yake, akajivua tuba shingoni, ile tuba ya babu yake, akaitupa chini mbele ya gurudumu la mbele.

Sauti ya shaba ikikunjika sitaisahau. Gari lilipanda juu yake nusu, likainama upande, likazimika, likasimama. Padri Saverju alirushwa kutoka juu ya hudi akatua mabegani mwa mume wangu, na kofia yake ikateremka peke yake mpaka uwanjani.

Vipande vya karatasi vilikuwa bado vinaanguka kutoka roshani.

Halafu kila mtu akapayuka kwa pamoja. Waleonardu walikuwa wanalilia tuba, mzee mmoja ameipigia magoti. Warokku walikuwa wanalilia gari. Bertu alikuja akipasua watu kwa tumbo, akamkamata Wistin ukosi.

"Ndiye huyu! Jana kakamatwa na bisibisi, leo anajifanya mwokozi! Ulitaka kumuua Paroko, mshenzi wewe?"

"Fungueni boneti," alisema Wistin.

"Unatuamuru?"

"Fungueni boneti, Bwana Bertu, halafu unipige."

Padri Saverju, miwani imekaa upande, ndiye aliyeifungua mwenyewe. Watu wakasogea. Ule mpira mnene ulikuwa umechomoka, unameremeta mafuta ya zeituni, na utepe wa hariri ya buluu unaning'inia pale, fundo lake halijafunguka hata kidogo.

"Huu mpira ndio msaada wa breki," Wistin akamwambia Padri. "Injini inavuta hewa kupitia humu, na kule kuvuta ndiko kunakousaidia mguu. Ukichomoka, unapata mkanyago mmoja wa mwisho, baada ya hapo pedali ni jiwe. Jana niliukuta umefungwa hivi. Nikaubana kwa klipu. Nilibana hapa, kwa mkono wangu." Aligusa mahali penyewe, patupu. Akainua uso. "Klipu iko wapi, Mzee Żaren?"

Nilimtazama mume wangu. Kila mtu alimtazama.

Żaren alikuwa amesimama ameshika mlango wa gari. Alitazama utepe. Alitazama viatu vyake.

"Klipu gani?" alinguruma Bertu. "Hakuna klipu hapa! Ulifungua mpira, ukafunga kamba, ukasingizia watu! Żaren, mwambie!"

"Mzee," alisema Padri Saverju, kwa upole, "gari ni lako. Nani ameufunga mpira hivi?"

Mtu anaweza kudhani kwamba mshtuko wangu ulikuwa ule wa taa nyekundu. La. Ule ulikuwa wa macho, na macho husahau. Mshtuko wangu ni huu: mume wangu, ambaye sikuwahi kumjua mwongo, alikuwa na jibu kinywani na hakulitoa. Nilimngoja. Nilisema moyoni, sasa atasema, anatafuta maneno tu. Mikono ya Warokku ilikuwa imeshika sare ya Wistin pande zote, kifungo kimoja kimeruka, mtu ameshampiga kofi la kisogo. Ritianne alikuwa analia kwa sauti, "Baba! Baba, sema!" Na baba yake anatazama viatu.

Sikujua nina sauti ile.

"Mwachieni!" nikasema. Nikafungua pochi, nikapekua kati ya rozari na leso, nikaitoa ile klipu, nikaiweka juu ya bati la buluu mbele ya Padri. "Nimeiokota jana gerejini, chini ya miguu ya mume wangu. Nilimwona akiitoa. Nilimwona akiitupa. Na utepe ule ni wake, na mafuta yale ni yangu ya kupikia."

Bertu aliuachia ukosi wa Wistin, akarudi nyuma hatua moja.

Wistin aliomba leso. Padri akampa yake. Akafuta mafuta kwenye kichwa cha bomba ambapo mpira huvishwa, akafuta ndani ya mpira kwa ncha ya leso, akauchunguza kama haujapasuka, akausukuma mpaka mwisho kabisa, akaiweka klipu nyuma ya kile kivimbe cha bomba na kuikaza kwa kisu cha mfukoni cha Bertu. Utepe aliukunja akampa Żaren mkononi. Waleonardu wanne wakainua gari kidogo, tuba ikatolewa.

"Kanyaga breki, mzee," akasema Wistin. "Mara kadhaa, mpaka iwe ngumu. Usitoe mguu. Sasa washa."

Żaren akawasha. Nilikuwa karibu, nikaona mguu wake ukizama chini taratibu, pedali inamkubali, na uso wake ukabadilika. Nadhani ni pale tu ndipo alipojua alichokaribia kukifanya kwa wale wazee vitini na watoto mabegani.

"Wistin ataendesha," alisema Padri Saverju, akapanda.

Hakuna aliyepinga. Kwa hiyo Paroko wetu aliingia kanisani katika gari la Warokku, likiendeshwa na Mleonardu mwenye sare iliyochanika, na mbele ya gari, kwa goti lake bovu, mume wangu alitembea amebeba mikononi ile tuba iliyokunjika. Hakuna aliyemwambia aibebe. Mimi mkewe sikwenda kumsaidia.

Usiku ule hatukupika. Żaren alitoa pete mfukoni, akaiweka mezani mahali pale pale ilipokuwa, akaisogeza kwa Ritianne kwa kidole. Ritianne akaichukua, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akatoka kwenda kwa Wistin. Ana moyo kuliko mimi.

Tulibaki wawili. Nilikuwa na swali moja, na nilikuwa nimelibeba tangu mteremkoni.

"Żaren. Nisingekuwa na ile klipu kwenye pochi, ungesema?"

Aliugeuza ule utepe vidoleni, akaugeuza tena. Nilitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo, hata kwa uongo, ningemletea supu.

"Sijui, Ġuditt," akasema.

Nikamshukuru kwa kutonidanganya. Kisha nikachukua mto wangu, nikaenda kulala chumbani kwa Ritianne.